Bi Sange na Joho la Mvua

Hapo kale, wanangu, wanyama walipokuwa na nyumba za milango ya kuchonga na majirani wa kugombana nao, palikuwa na mji ulioitwa Kitemba. Katika mji huo alikaa Bi Sange, mjane, fundi wa kutarizi. Sange mnamjua? Ni kale kamnyama kadogo kanakotoshea kiganjani, macho makubwa, pua ndefu, miguu haitulii. Pua kachukua kwa tembo, mwili kachukua kwa panya, na ufundi wake hakuuchukua kwa mtu.

Wakubwa wa Kitemba walikuwa na ada yao moja, na mimi sijapata kusikia ada ya kipuuzi kuliko hiyo. Joho la thamani halikuvaliwa. Lilikunjwa, likatiwa kafuri ya kufukuza nondo, likafungiwa ndani ya sanduku la mvule, na mwenyewe akatembea na ufunguo shingoni. Joho likiwa la bei kubwa, ufunguo nao ulikuwa mkubwa. Siku ya sikukuu ungewaona wakubwa wote wamevaa kanzu zilizochakaa, funguo zinagongana vifuani, kwa, kwa, kwa, na watu wakinong'onezana, "Ama yule leo kavaa."

Bi Sange alikuwa ametarizi majoho kumi na mawili maishani mwake, na hakuwahi kuliona hata moja likitembea.

La kumi na tatu lilikuwa la Bwana Tembo, mkuu wa mji. Kabla ya kumpima kifua, Bi Sange alikaa kando ya njia siku saba, kazi yake kumtazama anavyotembea tu: bega hili linashuka, lile linapanda, mgongo unafuata nyuma taratibu. Ndipo akajua atatarizi nini. Akatarizi mvua.

Mabegani aliweka matone machache ya hariri nyeupe, moja hapa, moja kule. Kiunoni yakawa mistari. Kwenye pindo ikawa masika hasa, nyuzi za fedha zimeshikana hata huoni kitambaa. Likikunjwa, joho hilo lilikuwa madoadoa tu. Lakini akilivaa Tembo, na ile rangi yake ya wingu, akapiga hatua, mvua ingenyesha. Kazi ilichukua miaka mitatu, na kila siku ya miaka hiyo Bi Sange aliiona mvua yake kichwani.

Tembo akaja kulichukua pamoja na rafiki yake Kiboko, ambaye katika mji ule hapakuwa na jambo lisilomhusu.

"Bei yake?" akauliza Tembo.

"Magunia arobaini ya mtama, bwana."

Kiboko akacheka mpaka tumbo likatikisika. "Fundi, mimi vitambaa navijua. Kitambaa hiki ni gunia moja, tena hapo tumekupendelea. Hayo thelathini na tisa ni ya nini?"

"Ni ya macho yangu," akasema Bi Sange.

Kiboko akadhani ni mzaha. Tembo hakusikiliza, alikuwa anapiga hesabu nyingine. "Nitalipa," akasema. "Kwa magunia arobaini, ufunguo wangu utaupita wako, Kiboko."

"Bwana, livae kidogo nilione," akasema Bi Sange.

"Nilivae lichakae?" Tembo akalipachika kwapani, akaenda zake. Jioni hiyo mtaa mzima ulisikia sanduku likifungwa, kach.

Basi Bi Sange akabaki na magunia, nyumba imejaa mpaka pa kupita hapana. Kila asubuhi aliketi barazani na sindano mkononi, na kila asubuhi tundu la sindano lilizidi kumkimbia. Ukungu ulikuwa unamtanda machoni. Kwanza ulikula nyuzi, kisha nyuso za wapita njia, na sasa ni kwenye jua kali tu alipoweza kuona vizuri. Alijua vilivyobaki ni vijisiku. Na alilitamani lile joho jinsi mama anavyomtamani binti aliyeolewa mbali: hataki kumrudisha nyumbani, anataka amwone tu anaendeleaje.

Akamwendea Tembo.

"Bwana, nifungulie nilione. Mara moja tu."

"Fundi, ulilipwa, hukulipwa?"

"Nililipwa."

"Basi unadai nini?"

"Sidai kitu, bwana. Natamani tu."

"Sanduku langu halifunguliwi kwa sababu mtu anatamani," akasema Tembo, akamwonyesha mlango.

Bi Sange alirudi nyumbani analia. Alilia mpaka kona ya msikiti, hapo akasimama. Akapangusa pua, na pua yenyewe mnaijua, haikuwa kazi ya mara moja. Kisha akageuza njia, akaenda kwa Nungunungu, mhunzi.

"Nifulie ufunguo," akasema. "Uwe mkubwa kuliko wa Bwana Tembo."

Nungunungu akamtazama kutoka juu mpaka chini, na safari hiyo ilikuwa fupi. "Bi Sange, utaubeba na nini?"

"Wewe fua."

Ukafuliwa. Ulikuwa mrefu kumshinda mwenyewe. Akaufunga kamba shingoni, akapita nao mjini, akiuburuta mchangani, kru, kru, kru. Kila mwenye dirisha alichungulia. Mpaka adhuhuri Kitemba ilikuwa haina habari nyingine: kama ufunguo ni ule, joho lake likoje?

Tembo hakula siku mbili. Ya tatu akaja, akainama mlangoni kwa fundi.

"Fundi, nasikia una joho."

"Watu wana maneno, bwana."

"Ufunguo huo ni wa nini?"

"Ni wa sanduku."

"Na sandukuni mna nini?"

"Ah, Bwana Tembo. Tangu lini katika mji huu tukaulizana sandukuni mna nini? Tazama ufunguo, uridhike."

Neno hilo Tembo mwenyewe alikuwa amewaambia watu miaka yote. Akashusha pumzi ndefu, fuuuu, vumbi likaruka barazani.

"Niambie tu. Limelishinda langu?"

"Mimi ni fundi, nikijisifu watasema najipendelea. Maneno hayo angejibu mwenye macho yake, ayaone yote mawili pamoja."

"Basi tuyafungue sokoni, watu waamue."

"Na ada, bwana?"

"Ada nitaivunja mimi, ndimi mkuu wa mji."

"Lakini nguo iliyokunjwa haipimiki. Itabidi ulivae."

"Nitalivaa."

"Na utembee nalo, lionekane mpaka pindo."

"Nitatembea, mama wee, nitatembea. Lini?"

"Kesho. Saa sita za mchana, jua likiwa kichwani." Kwa nini saa sita, hakumwambia.

Kesho yake soko lilijaa. Bi Sange alipanda juu ya kapu lililofudikizwa, sanduku lake pembeni. Sanduku la Tembo likafunguliwa, kafuri ikatoka, safu nzima ya mbele ikapiga chafya. Tembo akalivaa joho. Akasimama.

"Madoadoa," akasema Kiboko. "Magunia arobaini, madoadoa."

Tembo akapiga hatua. Du. Akapiga ya pili. Du. Bega likashuka, lingine likapanda, mgongo ukafuata, na mvua ikaanza. Ilianza mabegani, tone tone, ikashuka ubavuni ikiongezeka, ikafika pindoni ikimwagika kwa fedha, na kila hatua ikaanza upya. Kelele za soko zikakatika. Swala, muuza nafaka, alikuwa ameanika mtama wake juani. Aliinuka mbio akaanza kuuanua, na alikuwa ameshajaza kikapu kizima alipokumbuka kwamba mbingu ni nyeupe. Hakuna aliyemcheka, kwa maana jirani yake naye alikuwa ameshatoa mwavuli.

Bi Sange aliiona. Ilikuwa vilevile alivyoiona kichwani, ila bora, kwa sababu kichwani haikuwa na upepo. Akalia mbele ya watu, wala hakuona haya.

Tembo akafika mwisho wa soko, akarudi hadi kwenye kapu. "Haya, fundi. Sasa lako."

Bi Sange akasukuma ufunguo kwa mikono miwili, kach, kifuniko kikainuka. Watu wakachungulia. Ndani hamkuwa na kitu, hata kitambaa cha kufutia jasho.

"Tapeli huyu," Kiboko akanguruma. "Mkanyage."

Tembo akainua mguu, kivuli chake kikamfunika fundi na kapu lake. "Umenidanganya."

"Ndiyo, bwana, nimekudanganya. Nilikuomba kwa heshima ukanikatalia. Macho yangu yanakwisha, na mwezi ujao hata mguu wako huo sitauona. Nikanyage, haki yako. Ila kabla hujaushusha, naomba neno moja."

"Sema."

"Geuka upande wa pili. Ulipokwenda, watu walinikinga nisione. Uliporudi, ulinielekezea mkono wa kulia peke yake. Wa kushoto sijauona, na wa kushoto ndio ulionitoa jasho."

Tembo akabaki na mguu hewani. Akawatazama watu, akitafuta wanamtazama nani. Hawakumtazama Bi Sange. Shingoni kwake, alikozoea kutazamwa, hawakutupa hata jicho. Walikuwa wanalitazama joho, na Swala alikuwa bado kakumbatia kikapu chake. Katika miaka yake yote ya ukuu, Tembo hakuwahi kuwaona watu wa mji wake wametulia namna ile mbele yake bila ya kumwogopa.

"Mkanyage basi," akasema Kiboko.

"Wewe nawe nyamaza," akasema Tembo.

Akaushusha mguu taratibu, mbali na kapu. Akageuka. Akalizunguka soko zima, safari hii mkono wa kushoto ukielekea kwa fundi, naye hakuwa na haraka. Bi Sange alisimama kwa ncha za vidole, akaitazama mvua yake ikinyesha na kwenda, ikinyesha na kwenda, mpaka ikaingia katika ule ukungu wa macho yake na asiione tena.

Basi shikeni hili, wanangu: kazi ya fundi hulipwa kwa magunia, lakini hukamilika machoni pa watu.