Siku Bi Sikitu Alipolikimbia Zimwi

Paukwa.

Pakawa.

Waliokaa nyuma sijawasikia. Paukwa.

Pakawa.

Sawa, sasa mko macho. Zamani sana, wanyama walipokuwa wakisalimiana kwa majina, palikuwa na msitu kando ya mto. Ndani ya msitu ule alihamia popo mmoja mkubwa, mkubwa kupita popo wote mliowahi kuwaona. Jina lake Bi Sikitu. Alitoka mbali, amesukumwa na mvua, na kifuani amembeba mwanawe mchanga, Mosi.

Bi Sikitu akachagua mvule mmoja. Akaning'inia, miguu juu, kichwa chini. Akajifunika mabawa gubigubi. Mchana kutwa alilala. Ukimwona amejikunja vile, ungesema ni kifurushi tu, mtu amekisahau mtini. Jua likishuka, wanyama wakirudi kwao, yeye ndipo hutoka. Anakunjua mabawa, vuu, vuu, vuu, anakwenda kula zambarau ng'ambo ya mto. Kwa hiyo majirani walimjua akiwa amejikunja. Akiwa amekunjuka walimwona vilevile, ila hawakujua kuwa ni yeye.

Chini ya mvule alikaa Kanga, ameatamia mayai. Kanga alikuwa mwema, lakini mdomo wake haukutulia, na jioni alilala mapema.

Alasiri moja akaita, "Jirani, umeamka?"

"Nimeamka, jirani."

"Leo usitoke. Kuna zimwi linaruka."

"Zimwi?"

"Nyani kaliona. Ngiri kaliona. Mabawa mapana kama paa la nyumba, tena ya ngozi, hayana hata unyoya mmoja. Uso kama wa mbwa. Na vichwa, jirani, vichwa viwili. Kimoja juu, kimoja kidogo kifuani."

Bi Sikitu akahisi baridi mpaka kwenye kucha. Akamkumbatia Mosi. "Linakula nini?"

"Hatujui. Lakini likipita, zambarau zinapungua."

"Maskini mimi," akasema Bi Sikitu. "Nami hupita njia hiyohiyo. Pengine limeshaniona."

Basi hakutoka. Jioni ile ikapita, hakutoka. Ya pili ikapita, hakutoka. Maziwa yakaanza kukauka. Mosi akalia, mwii, mwii, mwii. Kisha akaacha kulia, na kule kuacha ndiko kulikomtisha mama yake kuliko zimwi lenyewe.

"Likinila, na linile," akasema. "Mwanangu hatakufa njaa kifuani mwangu."

Jua likiwa bado jekundu mitini, akakunjua mabawa. Vuu, vuu, vuu.

Kumbe ng'ambo ya mto Nyani na Ngiri na wenzao wamejibanza chini ya mzambarau, wanalivizia zimwi. Nyani kakusanya mawe. Akatazama juu, akapiga kelele, "Linakuja!"

Bi Sikitu akasikia. Moyo, pu. Akageuka nyuma, hakuona kitu. Akawaza, "Limenikaribia mno, ndiyo maana silioni." Akaongeza mwendo, akawakimbilia majirani.

Majirani wakatimua mbio.

"Ningojeni," akaita. "Msiniache nalo peke yangu."

Wao kusikia sauti inatoka juu, mbio zikazidi. Wakipinda, naye anapinda. Wakavuka mto, chubwi, chubwi, chubwi, naye akavuka. Walipofika karibu na mvule, Nyani akasimama, akarusha jiwe. Pa. Likampata Bi Sikitu bawani, bawa likachanika. Akayumba, akajipindua hewani asije akamlalia mtoto, akaanguka chali mbele ya Kanga.

Kanga akafumba macho, akatandaza mabawa juu ya mayai. "Nile mimi," akasema. "Mayai niachie."

"Jirani, ni mimi," Bi Sikitu akasema, anahema. "Limepita wapi?"

Kanga akafumbua jicho moja. Sauti ile anaijua. Akatazama mabawa ya ngozi, yametanda pande zote. Akatazama uso. Akatazama kifuani, akakiona kichwa cha pili kinatafuta ziwa.

"Jirani," akasema polepole, "hebu jikunje."

Bi Sikitu akainuka, akajikunja kwa maumivu.

"Haya, jikunjue."

Akajikunjua.

"Mama yangu," akasema Kanga. "Zimwi ni wewe."

Bi Sikitu akatazama kivuli chake pale majanini. Kipana, kina masikio, kina vichwa viwili. Machozi yakamtoka. "Nimemnyima mwanangu maziwa kwa kujiogopa mwenyewe," akasema. "Nanyi mkanipiga, bila hata kuniuliza naitwa nani."

Nyani akafika mbio, jiwe la pili mkononi. "Ondoka hapo, Kanga. Nilimalize."

"Usiseme nilimalize. Sema nimmalize," akajibu Kanga. "Huyu ni Bi Sikitu, wa hapo juu. Na huyo kifuani ni mwanawe, ana njaa. Kama mkono bado unakuwasha, rusha."

Jiwe likamponyoka Nyani.  Ngiri, aliyekuwa nyuma yake, akageuka, akavuka mto tena, akarudi na tawi zima la zambarau mdomoni. Bi Sikitu akala, maziwa yakashuka, Mosi akanyonya mpaka akasinzia.

Bawa lilichukua muda kupona, na muda wote huo majirani walimletea chakula. Hata Nyani alileta, ingawa alishikilia kwamba zimwi aliloliona yeye lilikuwa kubwa zaidi, tena ni jingine kabisa. Kanga alimjibu, "Likija, liulize jina." Mayai ya Kanga yakaanguliwa, na mvua ikinyesha vifaranga walikwenda kujibanza chini ya bawa la Bi Sikitu, wakavu kabisa.

Basi, watoto, na wakubwa pia: usichokijua, kisogelee, kitazame, kiulize, kabla hujaokota jiwe. Na ukiletewa habari ya kutisha, ichunguze kwanza, isije ikawa ni ya jirani yako, au yako mwenyewe.

Hapo ngano yangu imetua, nami nimenyamaza.