Waliochangia Wasimame

Mkandarasi mmoja alikuwa na kampuni ndogo ya ujenzi, na nyumba nzuri aliyoijenga kwa mkopo wa benki. Kampuni ilikuwa imeandikishwa kwa makaratasi yote. Nyumba ilikuwa ya kwake na mkewe. Mkopo nao ulikuwa wa kwake, kampuni haikuukopa.

Siku moja kampuni ikalipwa awamu ya kwanza ya kujenga zahanati. Fedha ile ilikuwa ya saruji, nondo na mishahara ya mafundi. Bwana yule akamwita mhasibu wake, mama mmoja wa makamo.

"Peleka hii yote benki, ipunguze mkopo wa nyumba yangu. Riba inanimaliza."

"Bosi, hii ni ya kampuni."

"Na kampuni ni ya nani?"

"Ni yako. Lakini kwenye makaratasi ni mtu mwingine. Jilipe mshahara wako, kata kodi, unachobaki nacho ndicho upeleke benki."

Akacheka sana. "Mtu gani huyo asiyekula ugali?"

"Yeye hali. Wanaokula kwake ni mafundi tisa, na watoto wao."

"Mafundi nitawalipa awamu ya pili. Hao ni wavumilivu."

Mmesikia hilo? Mtu akishaanza kukusifia uvumilivu, shika mkoba wako.

Fedha ikaenda benki. Rejesho la kila mwezi likashuka karibu nusu, mke akashangilia. Saruji ikachukuliwa kwa mkopo dukani, mafundi wakaendelea kupanga tofali. Awamu ya pili ikachelewa, mwezi ukapita, na wa pili ukapita. Yeye, badala ya kuona aibu, akafanya sherehe ya shukrani nyumbani kwake! Turubai, pilau, kwaya. Na mafundi akawaalika, maana alitaka watu wengi.

Wakaja na mashati yao ya kanisani, wakakaa nyuma.

Mshereheshaji, kama kawaida yao, akashika kipaza sauti: "Wote waliochangia kuifikisha nyumba hii hapa ilipo, wasimame tuwapigie makofi!"

Wakwe wakasimama, wakapigiwa makofi. Mara kule nyuma wakasimama wanaume tisa.

"Na ninyi wazee wangu, mmechangia nini?"

Fundi mzee kuliko wote akajibu taratibu, "Mimi nimechangia mishahara ya miezi miwili. Huyu naye miwili. Yule ni mwezi na nusu, alichelewa kuanza kazi."

Mke akamgeukia mumewe. "Baba Tumsifu, wanasema nini hawa?"

Bwana akatazama viatu vyake. "Kaeni chini, jamani. Tutaongea ofisini."

"Tumekaa chini sana, bosi," fundi akasema. "Leo tuache tusimame kidogo."

Mnataka niwaambie kwamba aliwalipa? Aliwalipa. Aliuza gari wiki ile ile. Lakini mnadhani mkewe aliwahi tena kuifagia sebule ile bila kuwaona watu tisa wamesimama?

Naona mnatikisa vichwa. Mnamhukumu. Haya, tuje kwetu. Sisi hatuna kampuni, tuna mfuko wa umoja wa akina mama, na mfuko huo umelala kwenye nyumba zetu kwa zamu. Tunasema "naazima tu, nitarudisha." Tunarudisha kweli, na tunajiita waaminifu. Ni nani tuliyemuuliza wakati tunaazima? Na zile siku fedha haipo, nani alibisha hodi akaondoka mikono mitupu?

Mimi nawajibu, kwa sababu nilikuwa mtunza hazina wenu. Mwaka juzi fedha ya kununulia masufuria ilikaa kwangu wiki tatu ikiwa bati la paa la jiko langu. Niliirudisha yote, hakuna aliyejua. Wiki ya pili alikuja mwenzetu jioni, mtoto kambeba mgongoni anachemka homa, anaomba mkopo wa kikundi aende hospitali. Nikamwambia mfuko hauna kitu. Akanishukuru, akaenda kuuza kuku wake wote.

Mtoto alipona, lakini si kwa wema wangu.

Mama huyo yumo humu ndani, na ananisikia leo kwa mara ya kwanza. Mwenzangu, bati lile umelichangia wewe. Ukitaka kusimama, simama. Mimi sitakuambia ukae.