Mguu wa Gama

Msinijibu upesi. Walionijibu upesi juzi wamerudi leo kubadili jibu.

Wakati wa vita, mateka sitini walifungiwa katika ghala la pamba lenye mlango mmoja na dirisha moja la nondo. Mchana bati liliwachoma, na kila mtu alipewa kopo moja la maji kwa siku. Miongoni mwao alikuwamo Gama, Mngoni aliyeoza mguu kwa jeraha la risasi. Walikuwamo pia watatu waliojaliwa. Daktari Mshana alijaliwa mkono usiotetemeka. Chilongola, fundi chuma, alijaliwa subira. Mihambo, Mnyamwezi, alijaliwa mdomo. Na Wanyamwezi na Wangoni, kama mjuavyo, ni watani.

"Mguu usipotoka leo, kesho utaondoka na mwenyewe," daktari alisema. Hakuwa na ganzi wala kisu, na mkuu wa kambi alikuwa ameapa kumpiga risasi mateka yeyote atakayekutwa na chuma chenye makali.

Chilongola alifunua magunia, akatoa kipande cha msumeno. Miezi minne alikuwa akikata nondo ya dirisha, kidogo kidogo, kila mlinzi alipogeuka. Zilibaki siku tatu atoroke.

"Mfupa utamaliza makali yake," daktari alimwonya.

"Najua," alisema, akampa, akaenda kukaa mbali na dirisha.

Mihambo hakuwa na chuma. Alitoa kopo lake la maji kidonda kisafishwe, siku ile na kila siku iliyofuata. Kisha akamkalia Gama kifuani.

"Mngoni gani wewe? Babu zako walitembea kutoka kusini kote huko, wewe unashindwa na paja! Kufa basi, nije matangani nibebe kuku wako!"

"Mpagazi wewe!" Gama alifoka, macho yamemtoka. "Mzigo wako uko wapi?"

Mlinzi nje hakuujua utani. Alidhani watu wanagombana, akacheka, akaendelea kula ugali wake. Ndani, daktari alikata, akashona kwa sindano ya magunia. Gama akapona.

Lakini mguu uliokatwa haufichiki. Mkuu wa kambi akauliza msumeno ni wa nani.

"Wangu," alisema daktari.

Mkuu hakusadiki, wala hakuthubutu kumuua, maana ndiye aliyewatibu askari wake pia. Alipoiona nondo iliyokatwa nusu, akaamuru dirisha lizibwe kwa matofali, na daktari achapwe viboko kumi kila asubuhi mpaka amtaje mwenye msumeno. Chilongola alitaka kujitaja. Daktari akamshika mkono: "Nimehangaika kumwokoa mmoja. Usinipe maiti badala yake." Tangu hapo alichapwa asubuhi, na mchana akafunga vidonda vya wenzake akiwa wima, kwa kuwa kukaa hakuweza.

Siku ya kumi likaja lori la kubadilishana majeruhi. Gama angekwenda, pamoja na mateka mmoja wa kumuuguza njiani, ambaye naye angekuwa huru. Mmoja tu, amchague mwenyewe.

Gama alimtazama Chilongola, naye alikuwa akitazama matofali. Alimtazama Mihambo, aliyelala na homa, midomo imepasuka kwa kiu.

"Usinitaje," Mihambo alinong'ona. "Nabaki nirithi blanketi lako."

Daktari akamwinamia Gama. "Mwanangu, nikiondoka mimi, hawa watafungwa vidonda na nani?"

Gama aliiona damu mbichi kwenye shati lake. "Na ukibaki, daktari, utamaliza mwezi?"

Gama aliona uchungu kuliko siku ya msumeno, akatamani mguu ule ungemuua tu.

Dereva akawasha lori. Karani akashika kalamu. "Jina!"

Gama akafungua kinywa.

Hapo ndipo ninapomwacha kila mara, kwa sababu jina lolote atakalolitaja, mlango wa ghala utawafungia ndani wawili waliomwokoa. Haya, wewe uliyekaa kando hapo, lori linanguruma na karani hana subira: ungemtaja nani?