Maharage Yaliyoishia Majani

"Maharage husifiwa chunguni, si shambani." Bibi Nakijwa alimwambia hivyo kijana mmoja aliyejivunia shamba lake, na wenzake wakauliza msemo huo umetoka wapi. Akawaeleza chanzo chake.

Milimani Upare aliishi mama aitwaye Naelijwa, ambaye binti yake alikuwa ameposwa. Aliwaahidi wakwe kwamba makande ya harusi yatapikwa kwa maharage ya shamba lake, wala hataomba hata kibaba kwa jirani. Kwa kuwa alitaka mengi, alipanda mbegu kwa kuzibananisha. Kisha akatia mbolea ya kukuzia mahindi, na ilipoonekana kufanya kazi, akaongeza nyingine.

Shamba likafunga, udongo usionekane. Majani yakawa mapana, na wapita njia wakasimama kumpongeza. Ng'ambo ya mpaka wa shamba, wifi yake Namkunda alikuwa amepungukiwa mbegu, akazipanda kwa kuziachanisha na kutia konzi ya samadi katika kila shimo. Shamba lake lilionekana kama kichwa kilichonyolewa vibaya. Naelijwa alicheka, kisha akamwonea huruma.

Wakati wa kuvuna, Naelijwa aliinua majani akitafuta maganda. Akapata mawili, mbele akakosa kabisa. Mashina yalikuwa yameota ukungu mweupe. Akarudi mwanzo wa mstari, akidhani ameruka mahali. Punje chache alizopata zilikuwa nyepesi, zimesinyaa. Na kule ng'ambo, Namkunda alikuwa akijaza kapu.

Naelijwa akavuka mpaka. "Wifi, umelifanya nini shamba langu?"

Namkunda akatua kapu. "Mimi? Wivu nilikuwa nao, sikatai. Lakini kukudhuru, hapana."

"Basi nieleze. Niliongeza mbegu, nikaongeza mbolea. Mbona nimevuna majani?"

"Hata mimi sielewi. Nilijua langu ndilo limeshindwa."

Wakang'oa shina moja kila upande, wakayaweka pamoja. Mizizi ya Namkunda ilikuwa imejaa vinundu. Ya Naelijwa ilikuwa mitupu. Wakaigeuzageuza.

"Labda lako lilishiba mbolea, halikuhitaji vinundu, likakazana kuota majani," Namkunda akasema taratibu. "Tena lilisongamana, jua halikufika chini. Nakisia tu, wifi."

Naelijwa hakuridhika. Jioni ile wakapika kwa vyungu viwili. Cha Naelijwa kilitoa maji ya rangi na maganda yanayoelea. Watoto wakala, wakabaki na njaa. Cha Namkunda kilitoa mchuzi mzito, na watoto hawakumaliza sahani zao. Naelijwa alitafuna punje moja moja. Kumbe alichodhani ni neema kilikuwa hasara.

"Nimekutuhumu bure," akasema.

"Ulichanganyikiwa. Chukua maharage yangu, harusi ni yetu sote."

Siku ya harusi, baba wa bwana harusi aliomba makande mara ya pili. "Mkwe," akamwambia Naelijwa mbele ya wageni, "nilipoliona shamba lako nilijua tutakula vizuri."

Naelijwa angeweza kunyamaza, na hakuna ambaye angejua. Akamshika Namkunda mkono, akamsogeza mbele.

"Hapana, mkwe. Shamba uliloliona halikunipa kitu. Unachokula kimetoka kwa huyu wifi yangu, kwenye shamba tulilolicheka. Maharage husifiwa chunguni, si shambani."