Kaa la Moto la Bi Kobe

Paukwa!

— Pakawa!

Nyumba ya jirani?

— Ina moto!

Na isipotoa moshi?

— Tukapige hodi!

Vyema. Kaeni basi, wanaonyonya vidole na wanaonusa ugoro, nafasi ipo.

Zamani sana, wanyama walipokuwa bado na mafiga na vyungu, palikuwa na kilima kikiitwa Magamba. Siku ya shauri la moto, waliofika kwenye mwamba wa mikutano ni hawa. Alikuwepo Ngiri, mwenye meno ya kupinda na sauti kubwa. Alikuwepo Kanga, na wanawe nyuma yake, pi-pi-pi-pi. Alikuwepo Nguchiro. Si kicheche, msiwachanganye: kicheche hunuka, nguchiro huuliza. Alikuwepo Nungunungu, amekaa mbali na wenzake, miiba imelala. Na alikuwepo Bi Kobe, kobe wa nchi kavu, maana yule wa baharini jina lake ni kasa. Alifika mwisho, na shauri lilikuwa lake.

Shauri lenyewe ni hili. Kila alfajiri Bi Kobe alitoka na kigae mgongoni, kipande cha chungu kilichovunjika. Kwatu, kwatu, kwatu. Anafika kwa Ngiri.

"Hodi! Naomba moto, baba."

Ngiri anaamka, anafukua jivu, anamwekea kaa moja juu ya kigae.

"Ahsante. Umeamkaje?"

"Nimeamka."

Kwatu, kwatu, kwatu. Anafika kwa Kanga. "Hodi! Naomba moto, mwanangu." Kanga anampa. Kwatu, kwatu, kwatu. Anafika kwa Nguchiro, anapewa. Kwatu, kwatu, kwatu, mpaka upande wa pili wa kilima, alikoishi Nungunungu peke yake.

"Hodi! Naomba moto."

"Tena?"

"Tena, baba."

Nungunungu ananung'unika, anajikokota kutoka kitandani, chara-chara-chara, anampa kaa, anafunga mlango.

Miaka ya mvua hakuna aliyejali. Lakini mwaka ule kiangazi kilikaza. Kuni zikawa haba. Ndipo Ngiri alipoita watu mwambani.

"Bi Kobe," akasema, "mimi nakuheshimu. Lakini moto unaomba kwangu, halafu unaomba kwa Kanga, halafu kwa Nguchiro, halafu kwa Nungunungu. Unapika nini huko kwako, harusi?"

Wakacheka. Kanga akasema, "Na mie wanangu wanalala na baridi, bibi."

"Hujui kupekecha?" Ngiri akauliza. "Kijiti juu ya kijiti, pekechu-pekechu, moto huo! Hata mtoto anaweza."



Nguchiro akainua mkono. "Mimi nina swali. Bi Kobe anatembea polepole. Kaa nililompa linazimika kabla hajafika kwenye ule mti pale. Sasa analipeleka wapi?"

"Swali gani hilo!" Ngiri akanguruma. "Linazimika kwa sababu ni mzembe. Basi! Kuanzia kesho, asipewe moto. Nungunungu, unasemaje?"

"Nitalala," akasema Nungunungu. "Nitalala mpaka nichoke."

Bi Kobe akawatazama, mmoja mmoja. Akasema, "Nimesikia, wanangu." Akageuka. Kwatu, kwatu, kwatu.

Kesho yake hakuna aliyepigiwa hodi. Wakalala mpaka jua likawachoma. Wakafurahi. Siku iliyofuata wakafurahi tena. Lakini Nguchiro hakufurahi. Swali lake lilimwasha kama upupu. Makaa yote yale, yalikwenda wapi?

Akaondoka mbio, tiri-tiri-tiri, akafika kwa Bi Kobe. Akachungulia. Loo! Mafigani moto unawaka. Tena si wa kupuliza, moto wa gogo, wa tangu jana.

"Bi Kobe! Kumbe una moto!"

"Ninao."

"Siku zote?"

"Sijapata kuukosa tangu nilipojenga hapa."

"Na makaa yetu?"

"Yalizimika njiani, mjukuu wangu. Niliyamwaga pale mtini. Utayaona, ni rundo."

Nguchiro akakaa chini. "Sasa bibi, mwenye moto huomba moto wa nini?"

Bi Kobe naye akauliza. "Leo umemwona Ngiri?"

"Nimemsikia. Anakoroma."

"Kanga?"

"Anawachambua wanawe manyoya."

"Na Nungunungu?"

Nguchiro akafikiri. "Sijamwona."

"Jana?"

"Sijamwona."

"Nani amemwona?"

Nguchiro akainuka.

"Nenda," akasema Bi Kobe. "Mimi miguu yangu unaijua. Chukua kigae hiki. Na usimwulize kama anaumwa. Yule ni mtu mzima. Ukimwambia umekuja kumtazama kama bado yu hai, atakufukuza, na kesho hatafungua. Mwombe moto. Mtu akiombwa, anaamka."

Tiri-tiri-tiri! Nguchiro huyo, na kigae mdomoni. Akafika. Mlango umefungwa, hakuna moshi.

"Hodi! Naomba moto, Mzee Nungunungu!"

Kimya.

"Hodi! Naomba moto!"

Ndani kabisa, sauti nyembamba kama uzi: "Sina. Wangu umezimika."

Nguchiro akasukuma mlango. Nungunungu yuko sakafuni, homa imemkamata, mtungi umekauka, ulimi umemganda kinywani. Miiba yote imelala.

Nguchiro akapiga mbiu, akaizunguka Magamba nzima. Kanga akaja na maji, akaja na uji, wanawe pi-pi-pi-pi wakabeba kata. Ngiri akaja mbio, kuni kavu juu ya meno yake, kumbe alikuwa akizificha. Akapiga magoti mafigani. Fuu! Fuu! Jivu likamjaa puani.

Nungunungu akafumbua jicho moja. "Mmekuja kuniomba moto au kunizika?"

"Kunywa uji, mzee, uache maneno," akasema Kanga.

Akanywa. Usiku akatoka jasho. Asubuhi akanung'unika, na waliokuwepo wakajua kwamba amepona.

Kesho yake, alfajiri, mlangoni kwa Bi Kobe pakasikika kishindo. Ni Ngiri, amebeba kigae.

"Hodi. Naomba moto, mama."

Bi Kobe akatoa kichwa nje. "Hujui kupekecha, baba?"

"Nimesahau," akasema Ngiri, macho chini.

"Kijiti juu ya kijiti. Hata mtoto anaweza."

Wakacheka wote wawili mpaka Bi Kobe akarudisha kichwa ndani. Kisha akampa kaa, kubwa, jekundu. "Umeamkaje?"

"Nimeamka, mama. Na wewe?"

"Nimeamka."

Tangu siku hiyo Magamba nzima wakawa wanaombana moto asubuhi. Leo huyu, kesho yule. Makaa yakazimikia njiani, na hakuna aliyeuliza yanakwenda wapi. Nungunungu naye alianza kutoka. Alikwenda kwa Kanga na kigae chake, akanung'unika mlangoni, akapewa.

Enyi mlionisikiliza, maana yake ni hii. Jirani hatazamwi kwa siku za msiba na harusi tu. Mpigie hodi hata kwa jambo dogo. Na anayekupigia hodi akiomba chumvi au kiberiti, usimhesabie chumvi. Huenda amekuja kukuona wewe.

Ngano yangu imefika mafigani, naitua hapo.

— Na Bi Kobe, babu?

Ah. Mnauliza kama Nguchiro. Asubuhi moja ya masika Ngiri alikwenda na kigae chake, akapiga hodi, hakuitikiwa. Akapiga tena, akasukuma mlango. Jua halijapanda, kila mlango wa Magamba ulikuwa umepata habari. Bi Kobe alikuwa amekufa.