Sauti ya Mwanatumu

Hapo zamani, wala si zamani ya mazimwi, ni zamani ile ya sidii kuuzwa mezani sokoni, palikuwa na mwanamke hapa Tanga, mtaa wa Ngamiani, akiitwa Mwanatumu. Kazi yake kufoka. Si kumfokea mumewe, ingawa na hilo alilijua. Kufoka kwenye muziki, maneno yanamwagika kama mvua ya masika juu ya bati.

Alitoa albamu moja tu. Aliirekodi akiwa na mimba, katika chumba cha rafiki yake Hemedi kilichobandikwa magodoro ukutani ili kelele za nje zisiingie. Hemedi ndiye aliyetengeneza midundo, Hemedi ndiye aliyeinasa sauti, Hemedi ndiye aliyezitembeza sidii saluni hadi saluni. Nani alinunua? Hakuna. Redioni wakasema, "Mwanamke na kufoka wapi na wapi? Aimbe taarabu." Na sisi majirani, tusijitoe, tulicheka mpaka mbavu zikauma.

Mwanatumu akajifungua mtoto wa kike, Mwajabu. Damu ikakataa kukata. Wiki haikuisha, akafa.

Matanga hayajaanuliwa, redio ikapiga wimbo wake. Mji ukatega sikio. Kesho yake ukapigwa tena. Walewale waliocheka wakaanza kuisaka albamu, Hemedi akarudufu mpaka mashine ikachemka. Ikalia saluni, ikalia kwenye vibanda vya chipsi, ikalia hata baa iliyopakana na ua wa mama yake Mwanatumu. Hatukumtaka akiwa na pumzi; tulimtaka alipokwisha kufukiwa.

Mwajabu alipoanza darasa la kwanza, kampuni kutoka Dar es Salaam ikaja. Inataka kuitoa albamu upya, ifike mpaka nje ya nchi. Idhini ilikuwa ya mume, Mbaruku. Akikubali, isambae. Akikataa, hata Hemedi aache kuiuza, na redio ziombwe zisiipige tena. Mbaruku akawaita wote nyumbani kwake, Ijumaa baada ya swala. Nasi majirani, ajabu ya Mungu, siku hiyo kila mmoja alikuwa na mchele wa kupepeta barazani.

Bi Mashavu, mama wa marehemu, akaanza.

"Baba Mwajabu, mimi ndiye niliyemzaa. Mimi ndiye niliyemwosha kwa mikono hii. Ule wimbo ukilia pale baa, walevi wanaukatikia viuno, na mwanangu ndiye anayeulizwa kaburini. Siku ile ya mwisho alinishika mkono, akaniambia, 'Mama, nimetubu, yale nimeyaacha.' Nakuomba mkwe wangu, mwache apumzike."

Hemedi akainama.

"Mama, sikuvunjii heshima. Lakini mimi ndiye niliyemwamini mji mzima ulipomcheka. Mimi ndiye niliyefukuzwa saluni na sidii zake mkononi. Siku ileile nilikwenda kumwona hospitali. Aliniambia, 'Hemedi, albamu isizikwe na mimi. Ifikishe.' Nikamwahidi. Sasa aliyekufa nitamrudishia wapi ahadi yake?"

"Muongo!"

"Mungu ni shahidi yangu, mama."

"Shahidi wako yuko baa, anakunywa!"

Barazani mtu akacheka, akazibwa mdomo kwa kanga. Maana wote wawili, wallahi, hatujawahi kuwashika na uongo. Na nani alitangulia kuingia wodini, nani alifuata? Tuliuliza kila mahali. Hakuna ajuaye.

Pazia likasogea, Mwajabu akatoka.

"Baba, ule wimbo wa mwisho mama anacheka. Ananiita 'wewe wa tumboni'."

"Mwanangu, rudi ndani."

"Mkiufunga, nitamsikia wapi?"

Hemedi akadakia, "Hata mkiufunga, basi mtoto aachiwe sidii yake, asikilize ndani peke yake."

Bi Mashavu akatikisa kichwa, machozi yanamshuka. "Ipigwe ndani, ipigwe nje, mzigo wa marehemu ni uleule. Mjukuu wangu, msomee dua. Dua inamfikia."

"Bibi, mimi namsomea kila siku," mtoto akasema. "Lakini yeye hanijibu."

Hapo hata ungo mmoja haukutikisika barazani.

Wote wakamgeukia Mbaruku. Mkewe alipokuwa hai, hakuwahi kumsikiliza hata nusu wimbo. Alikuwa akisema atasikiliza kesho. Sasa mgeni wa kampuni amemwekea kalamu mbele yake, mkwewe analia, Hemedi amekaza macho sakafuni, na mtoto amemshika kanzu.

Haya, nyinyi mnaojua kuwaamulia wenzenu, msinitazame mimi, mimi nilikuwa napepeta mchele wangu. Mama anaogopa moto wa mwanawe. Rafiki anaogopa kuvunja neno la marehemu. Mtoto hana mama mwingine ila ile sauti inayocheka. Na mwenye albamu amenyamaza kaburini.

Je, nani alistahili kusikilizwa?