Nyumba ya Mbugani

Nyumba ya mbugani hujengwa na asiyelala humo. Mmeisikia leo ikisemwa kwa hasira, nanyi mkataka kujua imetoka wapi. Methali hii ilianza hivi.

Milembe alifiwa na mume, akarudi kwao na watoto wawili. Baba yake alikwisha kufariki, hivyo ilikuwa juu ya kaka yake, Lubinza, kumpa mahali pa kujenga. Kwao watu wote hukaa mwinukoni penye changarawe. Mbuga iliyo chini ni ya mpunga na malisho. Udongo wake ni mweusi. Kiangazi hukauka ukapasuka nyufa za kumeza mguu wa ng'ombe, na mvua zikija hunywa maji ukavimba, ukasukuma chochote kilichosimama juu yake. Hata watoto wachungaji wanalijua hilo. Lubinza alilijua zaidi, maana alilima huko tangu ujana. Lakini kiwanja kilichobaki mwinukoni alikitaka kwa zizi la ndama. Naam, ndama ndio waliomshinda dada yake wa tumbo moja.

"Dada, nimekuchagulia mahali pazuri mbugani," alimwambia. "Ni tambarare, na udongo una rutuba."

"Kaka, rutuba ni ya mpunga. Mimi nataka pa kulaza watoto."

"Mchagua jembe si mkulima. Shukuru kwa ulichopewa."

Milembe akakubali. Angekwenda wapi? Lubinza akajenga, akamkabidhi.

Mvua zikaja. Kuta zikapasuka kutoka msingi hadi paa. Siku moja mchana Milembe alirudi kutoka kuchota maji, akakuta mlango haufunguki. Sakafu ilikuwa imevimba ikaubana. Watoto walikuwa ndani wanalia, na ukuta wa nyuma umeinama. Alibomoa ukuta wa mbele kwa jembe, akawavuta nje. Hawajafika mbali, nyumba ikaanguka.

Alipanda mwinukoni na wanawe, tope zito limemganda miguuni, akamkuta Lubinza ameketi na mama yao pamoja na majirani.

"Nyumba inataka matunzo," Lubinza alisema kabla hajaulizwa. "Wewe umeshindwa kuitunza."

Milembe alimjibu kwa hasira. "Basi kajenge nyingine palepale, kaka. Ulale humo na watoto wako mpaka mvua ziishe. Mkitoka salama, nitakuomba radhi mbele ya hawa."

"Nani alale kule mvua zikinyesha?" Lubinza alijibu upesi.

Watu wote wakamtazama.

"Kumbe ulijua," mama yao alisema. "Ulijua, na bado ukawalaza wajukuu zangu humo."

Siku ileile majirani waliwatoa ndama, wakang'oa zizi, na hapo ndipo walipomjengea Milembe. Lubinza hakuombwa hata kushika mti mmoja.

Mbuga haikuwa na kosa. Ilivimba kama ilivyovimba siku zote, na Milembe aliendelea kupanda mpunga wake huko. Mwenye kosa ni yule aliyeisifu kwa kinywa, mwenyewe akakaa mbali nayo. Basi mtu akikusifia kitu ambacho yeye na wanawe hawakigusi, mwulize yeye atalala wapi. Nyumba ya mbugani hujengwa na asiyelala humo.